Kidonge Nilichokiita cha Bure

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupima dawa kwa wagonjwa, kila mkinikuta sokoni Kamembe mnaniuliza swali lile lile: Maman Dativa, mashine ipi ilikushinda? Mnatarajia nitaje ile yenye sindano, ya kupima umeme wa misuli. Leo nawajibu kwa maandishi, ili siku nyingine mniache ninunue nyanya zangu kwa amani. Mashine zote nilizimudu. Kilichonishinda ni neno moja la herufi nne, na nililichagua mwenyewe, nikiwa na akili timamu na nimeshiba.

Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Ile ya mwisho niliitumia katika utafiti wa dawa kwa watu wenye ugonjwa wa neva za mwendo. Wengi wenu mmeusoma vitabuni, lakini kuusoma na kuuona ni vitu viwili tofauti. Neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli zinakufa. Mtu anaanza kwa kushindwa kufunga kifungo cha shati, au mguu unajikwaa mahali pasipo na jiwe, au ulimi unakuwa mzito. Kisha vingine vinafuata, mpaka kifua chenyewe kinachoka kuvuta hewa. Akili, kwa wengi wao, inabaki. Macho nayo yanabaki. Nimekaa na ugonjwa huu miaka mingi na jambo hilo sijalizoea hata kidogo: mwili mzima umenyamaza juu ya kitanda, na macho mawili bado yanakufuata chumbani, na ukikosea yanakucheka.

Wataalamu walikuwa wameona kwamba pembeni ya neva zile zinazokufa kuna uvimbe mdogo usioonekana kwa nje. Askari wa mwili, wale wanaotukinga na magonjwa, wamekuja kusaidia, wakawaka hasira, na sasa hawajui kuacha kupigana. Wakauliza: tukiwatuliza askari hao, neva zitaishi muda zaidi? Kulikuwa na dawa ya kutuliza uvimbe, inayotumika kwa ugonjwa mwingine, na ndiyo tuliyopewa kuijaribu. Vituo vilikuwa vingi, katika nchi nyingi. Sisi tulikuwa kituo kidogo kuliko vyote, wagonjwa saba tu, wengine wakivuka daraja kutoka Bukavu, wengine wakishuka kutoka vilimani kwetu. Hospitali siitaji, maana makosa nitakayoyasimulia ni yangu, si ya jengo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalisto, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mfupi mwenye maneno machache na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kunigombeza. Kila mwezi tulipaswa kupima pumzi ya kila mgonjwa: anavuta hewa, anaweka mdomo kwenye bomba, anapuliza yote aliyonayo. Mwanzoni nilikuwa nakodolea macho namba. Mzee Kalisto akanigeuza uso kwa mkono wake. "Namba haikimbie," akasema. "Angalia pembe za mudomo. Hewa ikitorokea pale, utaandika ugonjwa wenye muntu hana."

Ndiye aliyenifundisha pia kutosema "toa pumzi kwa nguvu", kwa sababu ukisema hivyo watu wanatoa pumzi kwa adabu, kama walio mbele ya padri. Yeye alikuwa anasema, "Mbabula yako inazima na bageni bameshafika. Puliza." Na watu walipuliza. Wanawake wa Bukavu walipuliza hadi mitandio ikateleza, kwa sababu kila mmoja wao alishawahi kuwa na jiko la makaa linalozima na wageni sebuleni.

Fomu nazo zilikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na swali la kama mgonjwa anaweza kukata chakula kwa kisu na uma. Nikamuuliza mama mmoja, akaniangalia kwa huruma, akajibu kwamba nyumbani kwao kisu ni cha kukatia nyama ikiwa mbichi. Nikamwandikia hawezi. Mwezi mzima mama wa watu alikuwa dhaifu kwenye karatasi zetu, na huku anamega bugari, ugali wetu, vizuri kuliko mimi. Baadaye walituletea kompyuta ndogo za kubonyeza kwa kidole, ambazo zinakataa kwenda ukurasa wa pili mpaka ujibu. Ninyi mnazipenda. Mimi nawaambia tu kwamba karatasi ilikuwa na pembeni, na pembeni ndipo nilipokuwa naandika ukweli.

Sasa neno lenyewe. Katika upimaji wa namna ile, nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu nyingine wanapewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na umbo lakini ndani hakuna dawa. Mgonjwa hajui anameza kipi. Daktari hajui. Mimi sijui. Ni lazima mgonjwa aelezwe hayo kabla ya kukubali, na aelewe. Maelezo yalikuja yameandikwa vizuri kwa Kifaransa na Kinyarwanda. Lakini wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa Bukavu, au wa kwetu waliokulia kule kama mimi, na neno likishaingia moyoni huwa linaingia kwa Kiswahili. Daktari wetu, binti kutoka Kigali, mpole na mwenye haraka, akaniambia: Maman, wewe unakijua Kiswahili chao, waeleze.

Nikafikiri usiku na mchana kuhusu kile kidonge kisicho na dawa. Nikasema nitakiita kidonge cha bure. Niliona nimepatia sana. Si tunasema kazi ya bure, maneno ya bure, amepoteza muda bure? Kitu kisicho na faida. Nikawakalisha mmoja mmoja, nikawaambia: kuna kidonge cha dawa na kuna kidonge cha bure, na hatuchagui, ni bahati. Wote saba walikubali. Wote saba walitia sahihi au dole gumba. Na karibu wote, kabla ya kutoka mlangoni, walinishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Maman, unisaidie, nipate ile ya bure."

Je, nilishtuka? Sikushtuka. Nilistaajabu. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia kwamba watu wetu wana moyo wa ajabu, wanaomba wapewe kidonge kitupu ili wenzao wapate dawa. Daktari akatokwa na machozi. Alilisimulia hilo kwenye mkutano na wakubwa wake. Mzee Kalisto peke yake ndiye aliyekuna kichwa na kusema haijawahi kutokea muntu wa Bukavu aombe kitu kitupu.

Miongoni mwa wale saba alikuwamo Papa Zefania wa Nzahaha. Alikuwa fundi wa pikipiki pale karibu na kituo cha mabasi, na hakuna dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, wa umri wake ambaye hakumjua. Alikuja kwetu siku aliyoshindwa kuzungusha spana kwa mkono wa kulia. Mkewe, Maman Rehema, alikuwa anauza samaki wadogo wa ziwani, na aliacha biashara ili amtunze. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali na mgongo imara. Mumewe alipoacha kutembea, alimpakia nyuma ya dereva wa moto, akapanda nyuma yake, akamfunga kwa kitenge asianguke, na wakaja hivyo kutoka Nzahaha kila mwezi, watu watatu na kitenge kimoja.

Siku moja, miezi kadhaa baadaye, nilikuwa nahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo lake, Maman Rehema akaanza kumshukuru Mungu. Sauti ya mumewe ilikuwa imeshakwenda, kwa hiyo alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Siye tuliomba sana tuangukie ku ile ya bure," akasema. "Ju ile ingine, siku batakuya kutulipisha, tungetosha wapi feza?"

Mkono wangu ukasimama juu ya vidonge. Nikamuuliza, "Maman Rehema, bure unaisikia namna gani?"

"Bure. Kama chanjo ya batoto. Haulipe."

Nadhani mmeelewa. Kwa wale watu saba, mimi nilikuwa nimesema kwamba kuna dawa ya kulipia na kuna dawa ya kupewa, na zote mbili ni dawa. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba huenda anameza unga mtupu. Walikuwa wakiomba kwa imani yote wapewe kisichowasaidia kitu, na mimi nikawasifu. Kwa hilo naona aibu mpaka leo, na sitaki mlicheke haraka. Chekeni baadaye.

Nilikwenda kwa daktari nikamweleza. Akafanya kilicho sahihi: akaandika kwa kamati, na kamati ikajibu kwamba kila mgonjwa aelezwe upya, na kila mmoja ana ruhusa ya kuondoka. Aliyewapotosha ndiye atakayewaeleza, daktari akiwapo. Nilikubali. Safari hii nilisema "kidonge kitupu, ndani hamna dawa," na nilimwomba kila mtu anirudishie kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuendelea. Fanyeni hivyo nanyi. Msiulize "umeelewa?", kwa maana kwetu hapa mtu mwenye heshima hujibu ndiyo. Mwambie akueleze wewe kama vile wewe ndiye mgonjwa.

Wawili waliondoka, na mmoja wao hakunisalimu tena mpaka alipofariki, alikuwa na haki. Wanne walibaki. Akasalia Papa Zefania.

Tulimfuata Nzahaha, mimi na daktari. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mito, kichwa kikiwa kimeegemezwa ukutani. Nikaeleza yote, sikuruka kitu. Maman Rehema alinisikiliza akiwa amesimama.

"Kila mwezi ninamufunga ku moto," akasema. "Barabara inamumaliza. Akifika hapa analala siku mbili haongei hata na macho. Na kidonge kinamukaba ku koo. Sasa unaniambia pengine ni unga mutupu?"

"Pengine," nikasema. "Sijui."

"Muntu amebakia na siku zake kidogo. Hizo siku ni zenu ao ni zetu?"

Nikamtafsiria daktari. Daktari alisema kwa Kinyarwanda kwamba siku ni zao, na wakiacha leo ataendelea kumtibu vilevile, hakuna atakayekasirika. Maman Rehema akasema basi tumeacha. Alikwenda kuchukua kopo la vidonge ili aturudishie.

Papa Zefania akaanza kutazama juu, chini, juu. Ndiyo ilikuwa alama yake ya kutaka ubao. Ubao ulikuwa ni karatasi ngumu ya sanduku ambayo Mzee Kalisto aliiandika herufi kwa mistari. Mke anasoma mistari, mume anainua macho kwenye mstari wake, kisha mke anasoma herufi moja moja mpaka macho yainuke tena. Kufumba ni hapana. Kwa namna hiyo mtu anasema neno moja katika muda ambao mimi na wewe tungemaliza kunywa chai.

Herufi ya kwanza ilikuwa B. Kisha O. Kisha T.

"Boti," akasema Maman Rehema, ambaye hakuwa na subira. Macho yakafumba. "Boti gani, Papa? Siye hatuna boti." Yakafumba tena, na nawaapia yalifumba kwa hasira. Daktari akaangalia pembeni asicheke. Tukaendelea. Ilichukua karibu saa nzima, na mara mbili alilala katikati ya neno tukamsubiri. Mwisho nilikuwa nimeandika hivi kwenye daftari langu: BOTE BAKIKUNYWA DAWA MUTAJUA NAMNA GANI.

Niliisoma kwa sauti. Daktari akaniuliza amesema nini, nikamweleza, akakaa chini kwenye kigoda. Miaka aliyosoma na vitabu vyote, na hapo fundi pikipiki asiyeweza kuinua kidole amefika mwenyewe, kwa macho, kwenye kiini cha kazi yetu yote: kwamba bila wale wanaomeza kitupu, hakuna awezaye kusema kama dawa inafanya kitu. Mimi niliwaeleza watu saba jambo hilo mara mbili, na naona wazi kwamba siku ile ndipo mimi mwenyewe nilipolielewa.

Akaomba ubao tena. BUJI MOJA.

Mkewe aliielewa kabla yangu. Akatueleza polepole, akiwa bado ameshika kopo mkononi, kwamba moto ikigoma, mumewe hakubali kamwe kubadilisha buji, ile plagi ya kuwashia injini, na kitu kingine siku moja. Anabadilisha kimoja, anaacha vingine kama vilivyo, anawasha, anasikiliza. Wateja walikuwa wanamkasirikia kwa kuchelewa. Ukibadilisha vyote pamoja, alikuwa anawaambia, moto itawaka na hautajua ni nini ilikuwa mbovu.

Nikamwambia, "Papa, tumekusikia. Lakini unaweza kuacha leo. Haudaiwe kintu."

Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe, kwa muda mrefu, kisha akaomba ubao, na safari hii Maman Rehema alisoma herufi bila kubahatisha hata moja. Yalikuwa maneno mawili, na hayakuwa ya kutuambia sisi, yalikuwa ya mke wake.

UNIFUNGE TENA.

Maman Rehema aliweka kopo juu ya meza. Akasema, "Nitakufunga." Kisha akatoka nje na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Mnaniuliza kuhusu mashine. Nimeona mashine inayochora kifo cha neva kwenye karatasi, na nilistaajabu. Nimeona picha za ubongo zenye rangi, nikastaajabu. Lakini ile ilikuwa mara ya pekee kazini ambapo nilitamani kuvua viatu.

Alifungwa kwenye moto mara mbili tu zaidi. Baada ya hapo daktari alipata ruhusa nimpime nyumbani, na nilikuwa nakwenda Nzahaha na bomba langu kwenye mfuko. Namba zilishuka. Mara ya mwisho alipuliza mpaka jasho likamtoka, na kipimo hakikusogea kiasi cha kuandikwa. Niliandika sifuri, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu alitaka tujue, na sifuri nayo ni jibu. Alifariki kabla ya mwezi uliofuata.

Utafiti ulichukua muda mrefu kufungwa. Siku moja daktari alituita mimi na Mzee Kalisto akatusomea matokeo. Waliomeza dawa na waliomeza kitupu walikuwa wameshuka sawasawa. Ile dawa ya kutuliza uvimbe haikuwa imezuia kitu. Mzee Kalisto aliuliza kama kuna nyingine. Daktari akasema ipo, ya jamii ile ile lakini inayowatuliza askari kwa njia tofauti, na kituo chetu kimeombwa kushiriki. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu.

Nilikwenda Nzahaha mwenyewe. Maman Rehema alikuwa amerudia samaki wake, mikono yake ilinukia ziwa. Nilimweleza kwamba dawa haikusaidia mtu yeyote. Akaniuliza kidonge cha mumewe kilikuwa kipi, na sasa nilikuwa naruhusiwa kujua.

"Kilikuwa na dawa," nikamwambia.

Alifikiri. Alikuwa amejiandaa kwa jibu lile lingine, na mimi pia, njia nzima. "Donc alikunywa ya kweli," akasema, "na haikumufanyia kintu."

"Ndiyo."

"Na bale ba mbele habataipewa tena."

"Habataipewa."

Akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Aka," akasema, "angependa kusikia hivyo." Kisha akaita jina kuelekea uani, na akaingia mwanamume ambaye alinifanya nisimame, kwa jinsi alivyofanana na marehemu. Ni mdogo wake, Yonasi, mkulima wa Gitambi. Alinisalimia kama tunavyowasalimia wakubwa, mkono wa kushoto ukiwa umeshika wa kulia juu ya kifundo. Nilifurahia adabu yake. Ndipo nikaona kwamba mkono wa kushoto haukuwa umewekwa pale kwa heshima. Ulikuwa unaubeba ule wa kulia.

Nadhani uso wangu ulisema kila kitu, kwa sababu Maman Rehema aliinamisha kichwa.

"Ilianza wakati wa mavuno," akasema Yonasi. "Najua ni nini. Nimeiona ku kaka." Akaketi, akauweka mkono juu ya meza. "Ile siku mulikuya hapa na dokta, miye nilikuwa ku mulango. Nilikusikia vile ulimuelezea. Banasema kuna dawa ingine mutapima. Unielezee na miye sawa vile. Usinifichie kintu."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, goti kwa goti. Nilikuwa na njaa, na basi la mwisho kwenda Kamembe lilikuwa karibu kupita, na vitu hivyo viwili nilivisahau kabisa.

"Papa Yonasi," nikasema, "hii dawa mupya hatujue kama inasaidia. Pengine haisaidie. Na pengine hautaipata, utapewa kidonge kitupu, ndani hamuna dawa, na miye sitajua, na weye hautajua."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niendelee.